CHAKULA CHA JIONI KATIKA SIKU ZA KAZI
Vyakula vya msimu huiva upesi, bei yake ni nafuu, navyo hujenga mwili

Jua linapokuchwa, mama wa shambani hurudi nyumbani, jembe begani na mtoto mgongoni. Saa hiyo hiyo mwenziwe wa mjini hushuka katika gari la abiria, akiwa amesimama tangu asubuhi kiwandani au dukani. Wote wawili wana shida moja. Watoto wana njaa, kuni ni chache au makaa ni ghali, na giza limekwisha kuingia. Basi mara nyingi hufanywa lile lililo jepesi: ugali husongwa, chai huchemshwa, watoto hula wakalala. Kesho yake huwa vile vile, na kesho kutwa pia.

Hatuwezi kumlaumu mama huyo. Kazi ya mchana kutwa si mchezo, na mtu aliyechoka hana nafasi ya kukaa jikoni saa tatu. Lakini twataka kuonyesha katika makala haya ya kuwa chakula kizuri cha jioni hakihitaji saa tatu, wala hakihitaji fedha nyingi. Chaweza kuwa tayari kwa muda wa saa moja au chini ya hapo, ikiwa mpishi ajua mambo matatu: chakula gani kina wingi katika msimu ule, kazi gani yaweza kufanywa asubuhi, na mboga zipikwe kwa muda gani.

KWA NINI CHAKULA CHA JIONI NI JAMBO KUBWA

Katika nyumba nyingi chakula cha jioni ndicho chakula kikubwa cha siku. Asubuhi watu huondoka haraka baada ya kunywa chai au uji. Mchana kila mmoja hula pale alipo. Jioni ndipo baba, mama na watoto hukutana. Kwa hiyo kile ambacho mtoto mdogo hakukipata jioni, yamkini hakukipata siku ile nzima.

Madhara yake hayaonekani kwa siku moja. Uchunguzi wa taifa uliofanywa katika Kenya mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa katika kila watoto 100 walio chini ya umri wa miaka 5, watoto 18 walikuwa wafupi kuliko ilivyopasa kwa umri wao. Mwaka 2014 walikuwa 26 katika kila 100. Twaona basi ya kuwa hali imekuwa njema zaidi, lakini watoto 18 si wachache. Mtoto asiyekua vizuri katika miaka miwili ya kwanza ni vigumu sana kulipa deni hilo baadaye, nalo huweza kumfuata mpaka darasani.

Wengi wetu tumesikia habari za ugonjwa wa kwashakoo, ambao humvimbisha mtoto miguu na uso na kuzigeuza nywele zake rangi. Daktari Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliandika juu yake mwaka 1933; na mwaka 1935 akautaja kwa jina ambalo watu wa kabila la Ga walikuwa wakilitumia. Maana yake ni ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa baada ya mdogo wake kuzaliwa. Mtoto huyo alikuwa akinyonya. Sasa hupewa uji mtupu au ugali mtupu, na tumbo lake hujaa. Hapo ndipo watu hudanganyika. Tumbo kujaa ni jambo moja, na mwili kulishwa ni jambo jingine.

Ugali ni chakula chema, nao hutupa nguvu za kufanya kazi. Lakini mahindi meupe hayana vitamini A, na protini yake, yaani kile chakula kinachojenga mwili, ina upungufu. Upungufu huo hujazwa na maharagwe, kunde, mbaazi na karanga, au samaki, maziwa na mayai. Wazee wetu waliochanganya mahindi na maharagwe katika chungu kimoja hawakuwa wamesoma habari za protini, lakini walitenda sawasawa kabisa.

KILA MSIMU NA CHAKULA CHAKE

Chakula kilicho katika msimu wake hakikutoka mbali wala hakikukaa sana njiani. Bei yake hushuka kwa sababu kila mtu anacho, na utamu wake huwa kamili. Mwenye busara hununua kwa kuufuata msimu, wala hashindani nao.

Katika nyanda za juu za Kenya mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi mpaka Mei. Wiki chache tu baada ya mvua kuanza, mchicha, mnavu, mgagani na majani ya maboga huchipuka kila mahali, mengine bila kupandwa. Kuanzia Juni au Julai, kwa kadiri ya mahali, huja maharagwe mabichi na mahindi mabichi. Huu ndio wakati wa neema kwa mpishi aliye na haraka, kama tutakavyoeleza.

Katika Ukambani mvua za Oktoba mpaka Desemba ndizo zinazotegemewa zaidi. Majani ya kunde hupatikana wakati wa mvua hizo, na maembe huiva kuanzia Desemba mpaka Machi. Mbaazi nazo hustahimili ukavu, na zile mbichi huchumwa katikati ya mwaka, wakati mimea mingine mingi imekwisha kukauka.

Pwani, upepo wa kaskazi huvuma katika miezi ya joto, kuanzia Desemba mpaka Machi. Bahari hutulia, ngalawa hufika mbali, na samaki huwa wengi kuliko wakati wa kusi, bahari inapochafuka. Katika siku hizo za joto hakuna mtu apendaye kukaa karibu na moto kwa muda mrefu; basi samaki wa kuchoma na mboga ya nazi ndivyo vinavyofaa. Na katika Nyanza, omena waliokaushwa juani hupatikana sokoni, na kipimo kimoja huwatosha watu wengi.

Mkaaji wa mjini naye asidhani ya kuwa habari hizi si zake. Soko la Wakulima katika Nairobi, ambalo watu huliita Marikiti, soko la Kongowea katika Mombasa, na soko la Kibuye katika Kisumu hupokea mazao ya msimu kutoka mashambani. Apitaye sokoni akiuliza, “Leo kitu gani ni kingi?” atarudi na kikapu kizito kuliko yule aliyeondoka nyumbani na neno moja tu kichwani.

Na neno hilo mara nyingi ni sukuma wiki. Jina lake lenyewe laeleza kazi yake: ni mboga ya kuisukuma wiki mpaka siku ya mshahara ifike. Ni mboga nzuri, wala hatuikatazi. Lakini wiki isukumwayo kwa mboga moja tu huchosha ulimi, na mwili hukosa vile vilivyomo katika mboga nyingine. Mboga zetu za asili kwa miaka mingi zilidharauliwa na wengine kuwa chakula cha maskini. Leo zauzwa katika maduka makubwa ya mjini. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliiandika kazi ya Kenya ya kuvihifadhi vyakula vya asili katika orodha yake ya mifano mema ya kulinda urithi.

KAZI YA ASUBUHI

Nusu ya chakula cha jioni hupikwa asubuhi bila moto. Kabla ya kwenda kazini, loweka maharagwe makavu katika maji mengi safi, au yaloweke usiku uliotangulia. Jioni yamwage maji yale, utie mengine. Maharagwe yaliyolowekwa huiva kwa muda mfupi kuliko yale yasiyolowekwa, na kuni zitakazobaki zitapika chakula cha kesho. Yakumbukwe haya: maharagwe, na hasa yale mekundu, lazima yachemke kwa nguvu kwa muda wa dakika 10 au zaidi, kisha yaendelee kupikwa mpaka yalainike. Maharagwe yaliyoiva nusu yana sumu ambayo huumiza tumbo na kutapisha.

Njia nyingine ni kuchemsha maharagwe ya siku mbili siku ya Jumamosi au Jumapili, wakati kuna nafasi. Mwenye jokofu huyaweka humo; asiye nalo apike ya siku moja tu, maana maharagwe huchacha upesi katika joto.

MBOGA ZIPIKWE, ZISIUAWE

Wapishi wengi huzikata mboga kwanza, kisha huziosha, kisha huzichemsha kwa muda mrefu na kuyamwaga maji. Mboga za namna hiyo hubaki na rangi na jina tu. Vitamini C huyeyuka katika maji na kuharibiwa na moto, na wale waliomwaga maji waliimwaga pamoja nayo.

Taratibu iliyo njema ni hii:

1. Osha majani yakiwa mazima, katika maji safi mara mbili au tatu, ndipo uyakate. Yakate wakati wa kupika, si saa nyingi kabla.

2. Tia maji kidogo tu, funika sufuria, na majani laini kama mchicha yaive kwa dakika 5 mpaka 10. Mgagani na mnavu huhitaji muda zaidi kwa sababu ya uchungu. Uchungu huo hupungua vizuri yakitiwa maziwa, kama wafanyavyo watu wa magharibi ya nchi.

3. Usitie magadi. Ni kweli magadi hulainisha mboga na kuihifadhi rangi yake, lakini huharibu baadhi ya vitamini.

4. Tia mafuta kidogo, au karanga, au tui la nazi. Vitamini A iliyomo katika majani na katika malenge haiingii mwilini vizuri pasipo mafuta.

5. Tia nyanya, au kamua ndimu mwishoni. Vitamini C yake husaidia mwili kuipokea chuma iliyomo katika majani na maharagwe. Chuma ndiyo huzuia upungufu wa damu, na wanaoihitaji zaidi ni wanawake wenye mimba na watoto wadogo.

VYAKULA VINNE VYA KUPIKA UPESI

Vipimo vilivyoandikwa hapa vyatosha watu watano au sita. Mpishi mwenyewe ataongeza au kupunguza kwa kadiri ya jamaa yake.

Mahindi mabichi na maharagwe mabichi. Chukua vikombe 3 vya maharagwe mabichi yaliyokwisha kubanduliwa, na mahindi mabichi 4 yaliyopukuchuliwa. Chemsha pamoja kwa nguvu, kisha punguza moto. Baada ya dakika 40 hivi yatakuwa yameiva, wakati maharagwe makavu yangalitaka saa mbili. Katika sufuria nyingine kaanga kitunguu kwa vijiko 2 vya mafuta, tia nyanya 3, kisha mimina mahindi na maharagwe pamoja na maji yake kidogo. Mwisho tia majani ya maboga yaliyokatwa, funika kwa dakika 8, na chumvi. Hapa kuna vyakula vyote katika sufuria moja, wala hapana haja ya kusonga ugali.

Majani ya kunde kwa karanga. Osha mafungu 2 ya majani machanga ya kunde, ukate. Tia kikombe kimoja cha maji yanayochemka, funika dakika 10. Tia kitunguu na nyanya 2. Koroga vijiko 4 vikubwa vya karanga zilizokaangwa na kusagwa katika maji kidogo, mimina juu ya mboga, na iache itokote polepole kwa dakika 10 huku ukikoroga isishike chini. Wakati huo huo ugali husongwa katika jiko la pili. Ikiwa unga ni wa mahindi yasiyokobolewa, au umechanganywa na wimbi au mtama, ni bora zaidi. Karanga zichaguliwe kwanza. Zenye ukungu au zilizogeuka rangi zitupwe, wala wasipewe kuku.

Omena kwa nyanya. Vikombe 2 vya omena vichaguliwe mchanga, vioshwe kwa maji ya moto mara mbili, na kuchujwa. Kaanga kitunguu, tia omena, uwageuze kwa dakika 5 mpaka wakauke kidogo. Tia nyanya 4 na kikombe nusu cha maji, funika kwa dakika 10, kisha kamua ndimu. Samaki hawa huliwa wazima na mifupa yao, na kwa hiyo humpa mtoto kalsiamu ambayo hujenga mifupa na meno. Kwa mtoto mdogo, omena wasagwe au watwangwe, watiwe katika chakula chake.

Samaki wa kuchoma na mchicha wa nazi. Chakula hiki ni cha Pwani katika siku za kaskazi. Samaki wa bei nafuu kama vibua wafaa sana. Watie chumvi, ndimu, kitunguu saumu na pilipili kidogo, uwaache robo saa huku ukikuna nazi. Kamua tui la kwanza uliweke kando, ukamue na la pili. Pika mchicha pamoja na kitunguu katika tui la pili kwa dakika 7; kisha tia tui la kwanza, ukoroge bila kuacha lisije likakatika, na mara linapoanza kutokota epua. Samaki huchomwa juu ya makaa yale yale dakika chache kila upande. Chakula hiki huliwa kwa wali au sima.

BAADA YA KULA

Watu wengi hushushia chakula kwa chai. Chai ina kitu ambacho huifunga chuma isiingie mwilini, na hivyo ile faida ya mboga hupungua. Afadhali chai ingoje kwa muda wa saa moja. Mahali pake paliwe tunda: embe, papai, chungwa au pera. Pera, ambalo watoto huliokota chini ya mti na watu wazima hulipita, lina vitamini C nyingi kuliko chungwa.

Jambo jingine ni sahani ya mtoto. Mtoto wa miaka miwili anayekula katika sinia moja na kaka zake hashindi mbio hizo. Apewe sahani yake mwenyewe, na mtu akae naye mpaka amalize. Na kitoweo kisigawiwe kwa watu wazima kwanza, mtoto akabakiwa na mchuzi. Katika hili baba ana neno kubwa, kwa kuwa yeye akisema, “Mpeni mtoto kwanza,” desturi ya nyumba nzima hugeuka. Tena baba aliyetangulia kufika nyumbani hakosi heshima kwa kuwasha moto na kuteka maji.

MABAKI NA AKIBA

Katika miezi ya joto chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Asiye na jokofu apike cha kutosha jioni ile tu. Wali uliolala katika joto usiliwe, hata ukipashwa moto, kwa maana sumu iliyokwisha kufanyika ndani yake haiondoki kwa moto.

Lakini mboga mbichi zinapozidi, zisiachwe zikaoza shambani. Majani ya kunde huchemshwa kwa dakika chache, huchujwa, huanikwa kivulini mahali penye upepo, yakifunikwa kwa kitambaa chepesi kuzuia nzi na vumbi. Jua kali huharibu vitamini A, na kwa hiyo kivuli ni bora. Yakikauka kabisa hutiwa katika chombo chenye kifuniko. Wakati wa kiangazi, fungu moja la mboga linapopanda bei, mama huyo hufungua chombo chake wala haombi mtu. Wahenga walisema, akiba haiozi.

Basi mtu asingoje mshahara uongezwe ndipo awalishe watoto wake vizuri. Aanze wiki hii. Aloweke maharagwe kabla ya kutoka, apite sokoni akiuliza ni kitu gani kilicho kingi, azioshe mboga kabla ya kuzikata, na aziepue zikiwa bado kijani. Saa moja baada ya kuingia nyumbani, watu watakuwa wamekaa pamoja wanakula, na yule mdogo kuliko wote atakuwa na sahani yake.